Mazungumzo ya Nyumbani: Shule ya Binti Zetu Hupimwa kwa Nini?



Mwezi uliopita ilitufikia barua ya baba mmoja akaaye mbali na misioni. Atuarifu ya kuwa aliuza ng'ombe mmoja na mbuzi wanne, apate kumpeleka binti yake katika shule ya sekondari ya wasichana iliyo chini ya masista. Majirani walimcheka. Walimwambia, "Shule ya kutwa i karibu na boma lako. Hesabu ni ile ile na Kiingereza ni kile kile. Ya nini gharama hii?" Naye akawajibu, "Mimi namtafutia malezi ya dini." Sasa binti amemaliza mwaka wa kwanza, na baba yake atuuliza neno moja: Nitajuaje kama malezi niliyoyauzia ng'ombe wangu mwanangu anayapata kweli?

Swali hili ni la haki, wala hamna dharau ndani yake. Mtu anunuaye chungu sokoni hukigonga kwa kidole asikie mlio wake, kabla hajatoa fedha. Na chungu ni kitu cha bei ndogo. Basi itakuwaje tumtoe mtoto wetu akalelewe na watu wengine miaka mingi, tusigonge hata mara moja?

Nasi hatutaki kumjibu baba huyu kwa maneno ya vitabuni tu. Mwaka jana tuliitwa katika kazi hiyo hiyo ya kupima, na katika kupima kwetu tulikosea. Twaona ni afadhali tuwasimulie kosa letu, kwa kuwa huenda likawafaa kuliko mashauri mengi.

Sheria ya Kanisa iliyotangazwa mwaka 1983 yampa Askofu haki ya kuziangalia na kuzitembelea shule za Kikatoliki zilizo katika jimbo lake. Askofu hawezi kufika kila mahali, hivyo hutuma watu. Tulitumwa watatu: padre mmoja, sista mmoja wa shirika lingine, na sisi, makatekista, tukiwa mmoja tu. Shule yenyewe hatutaitaja jina. Si nia yetu kuiaibisha, tena aibu yenyewe, kama mtakavyoona, tulikuwa na fungu letu ndani yake.

Tulifika siku ya Alhamisi asubuhi. Wasichana walitupokea kwa adabu sana, sare zao safi, nyua zimefagiwa. Misa ya siku ile waliiimba kwa sauti nne, na kikanisa kilijaa hata wengine wakasimama nyuma. Baada ya chai tuliingia darasani, kidato cha tatu. Tuliwauliza sakramenti saba, tukawauliza vipaji saba vya Roho Mtakatifu, tukawauliza maana ya agano. Majibu yalitoka upesi kama mvua juu ya bati. Msichana mmoja mrefu, aliyeketi dirishani, aliyasema yote bila kusita na bila kukosa, hata padre akamsifu mbele ya wenzake. Mwalimu wa somo akatuletea alama za mtihani wa dini za miaka iliyopita, nazo zilikuwa nzuri.

Usiku ule, kwa mwanga wa taa, tuliandika katika karatasi zetu: Masomo ya dini, mema sana. Ibada, njema sana. Tukalala usingizi wa mtu aliyekwisha kazi yake.

Alfajiri ya Ijumaa tuliamka na mafua. Tukaenda jikoni kuomba maji ya moto. Kengele ya misa ilikuwa imekwisha kulia, na wimbo wa mwanzo ulisikika kutoka kikanisani. Lakini pale jikoni, karibu na mafiga, tuliwakuta wasichana watatu wameketi juu ya kuni, kimya.

"Hamjambo, wanangu?"

"Hatujambo, Mwalimu."

"Mbona hamko misani? Ninyi si Wakristu?"

Wakatazamana. Mmoja akainua uso, nasi tukamtambua. Ndiye yule mrefu wa dirishani. Akasema, "Tu Wakristu, Mwalimu. Lakini sisi ni watu wa orodha."

Hatukufahamu. Akatueleza polepole, huku akichezea kijiti. Kila Jumapili misa ikiisha, kabla wasichana hawajatoka, husomwa orodha ya wale ambao wazazi wao hawajamaliza kulipa karo ya bweni. Asomwaye jina husimama mahali pake hata orodha iishe. Yeye alikuwa amesimama Jumapili tano. Akasema, "Sasa kengele ya kanisa ikilia, Mwalimu, tumbo langu lauma, hata siku zisizo za orodha."

Enyi wasomaji, tulisimama pale na kikombe mkononi, wala hatukuwa na neno la kumjibu. Huyu ndiye aliyetutajia vipaji saba vya Roho Mtakatifu jana yake, nasi tukaandika, vyema sana.

Tulirudi tukawaambia wenzetu. Padre akasema tuanze kazi upya. Kwanza tulihesabu viti vya kikanisa, tukaona kwamba havitoshi hata robo tatu ya wasichana wa shule. Basi kujaa kwake kulikuwa si ushahidi wa kitu. Hata wangalikosa wengi, kingalionekana kimejaa. Kisha tukaomba madaftari ya kile kipindi kimoja cha kila juma cha mafundisho ya kichungaji. Walimu wa Kenya wanakijua. Hakina mtihani, nacho ndicho kipindi ambacho padre au katekista huongea na wasichana wa kanisa lake juu ya imani na maisha yao. Katika ratiba kilikuwapo, kimeandikwa vizuri kwa wino. Katika madaftari hakikuwapo tangu muhula wa pili. Wasichana walisema kweli tupu, wala hawakuona ajabu: "Saa ile twafanya hesabu."

Ndipo tukaenda kwa sista mwalimu mkuu. Hatukumtajia jina la msichana, naye alipouliza mara moja, tukakataa, hakuuliza tena. Tulimweleza tuliyoyaona. Alinyamaza kitambo, kisha akafungua daftari la madeni akatuonyesha. Akasema, "Mwalimu, muuza maharagwe halipwi kwa nyimbo. Wazazi nimewaandikia mara tatu. Wengine hunijibu, baada ya mavuno. Wengine hawajibu kabisa. Orodha ikisomwa, wasichana huandika nyumbani wakilia, na fedha huja. Nilijua si vizuri. Sikujua ya kuwa wengine wameacha misa."

Tuliona machozi machoni pake, lakini hakujitetea zaidi. Akasema, "Andikeni."

Nasi tuliandika. Tulifuta "njema sana" yetu kwa mkono wetu wenyewe, na chini yake tukaandika ya kuwa mahali pa sala pamefanywa mahali pa kudai deni. Ni neno zito kuandika juu ya watu waliokunywesha chai yao.

Basi, baba mpenzi uliyetuuliza, na wazazi wote, katika safari ile tumejifunza ya kwamba shule ya dini haipimwi kwa mizani moja. Hata ng'ambo wameona hivyo. Maaskofu wa Uingereza na Wales walianzisha mwaka 2022 utaratibu mmoja wa kuzikagua shule zao zote za Kikatoliki, ambapo zamani kila jimbo lilikuwa na njia yake. Wakaguzi wao hutazama mambo matatu mbalimbali: maisha ya Kikatoliki ya shule, masomo ya dini, na sala za pamoja. Kila moja hupimwa peke yake, ili uzuri wa moja usifunike ubaya wa lingine. Nasi tungalifanya hivyo tangu mwanzo, tusingalidanganywa na sauti nne za wimbo. Na tuyatazame mambo hayo matatu kwa mazingira yetu wenyewe.

Jambo la kwanza ni masomo. Wengi hudhani alama za mtihani wa dini ndizo kipimo cha imani. Sivyo. Katika Kenya somo la Dini ya Kikristo lina mtaala mmoja, husomwa na Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, na msichana asiyeamini neno lolote aweza kupata alama ya juu akiwa na kichwa chepesi. Mwaka 1988 idara ya Roma iangaliayo elimu ilitoa waraka juu ya dini katika shule ya Kikatoliki, na waraka ule wapambanua somo la dini na katekesi. Somo hutafuta maarifa. Katekesi hutaka imani ikue, nayo hufanyika hasa katika jumuiya ya waamini. Viwili hivi husaidiana, lakini kimoja hakishiki mahali pa kingine.

Wala tusilidharau somo kwa sababu hiyo. Kule Uingereza maaskofu huagiza ya kuwa katika madarasa ya sekondari, kabla ya yale ya juu, dini ipewe sehemu moja katika kumi ya saa za mafundisho. Maana yake dini isiwe kama mtoto wa kambo, anayekula makombo ya wakati. Basi mzazi na aulize: Kipindi cha mafundisho ya kichungaji chafundishwa, au kimeliwa na hesabu? Na mwalimu wake ni nani? Sheria ya Kanisa yataka mwalimu wa dini awe na mambo matatu, yaani mafundisho yaliyo sawa, maisha yanayoshuhudia, na ufundi wa kufundisha. Tumewaona wenye la kwanza bila la tatu, na watoto husinzia. Tumewaona pia wenye la tatu bila la pili, na hao huumiza zaidi, kwa kuwa watoto huwasikiliza.

Jambo la pili ni sala. Hapa usihesabu mara ngapi. Uliza kama msichana apata nafasi ya kusali bila kusukumwa, kama padre hupatikana kwa maungamo, kama wasichana wenyewe hushiriki kupanga ibada au huletewa kila kitu tayari. Tena uliza habari za asiyekuwapo. Sisi tulitazama waliokuwa ndani ya kikanisa, lakini mafundisho tuliyopewa yalikuwa jikoni.

Katika sala kuna na wale ambao si wa kanisa letu. Shule zetu nyingi hupokea wasichana wa Kiprotestanti na wa Kiislamu, na wazazi wao hulipa karo kama sisi. Sheria ya elimu ya Kenya ya mwaka 2013 yampa mfadhili wa shule kazi ya kutunza maendeleo ya kiroho, lakini papo hapo yamtaka ahifadhi dini na madhehebu ya wengine. Kanisa nalo hukataza kumlazimisha mtu aingie katika imani asiyoikubali moyoni. Basi binti wa Kiislamu akifunga mwezi wa Ramadhani, je, wapishi humwekea daku? Swali hili ni dogo, lakini jibu lake laonyesha mengi.

Jambo la tatu ni desturi za shule yenyewe, na hili ndilo gumu kuliko yote, maana halina daftari wala kengele. Ni namna watu wanavyoangaliana kuanzia asubuhi hata usiku. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la mwaka 1965, ulifundisha ya kuwa alama ya shule ya Kikatoliki ni hali ya maisha yenye roho ya Injili, roho ya uhuru na mapendo. Hali hiyo huonekana kwa watu wa chini. Mpishi huitwa kwa jina lake, au kwa kupigiwa makofi? Msichana wa mwisho darasani huambiwaje? Na aliyepata mtoto, je? Tangu mwaka 1994 serikali ya Kenya ilielekeza msichana aliyejifungua arudi shuleni. Twajua shule za misioni zilizomfungulia mlango kwa mapendo, na twajua zilizomfungulia kwa kuwa zimeamriwa tu. Msichana mwenyewe huipambanua milango hiyo miwili tangu siku ya kwanza.

Tusidhani ya kuwa masista wema hawawezi kuwa na desturi mbaya. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alilelewa na masista tangu utoto: kwanza St. Cecilia's katika misioni ya Mathari, Nyeri, alikoingia mwaka 1951, kisha Loreto, Limuru, alikomaliza mwaka 1959. Katika kitabu chake Unbowed cha mwaka 2006 awakumbuka masista wale kwa shukrani kubwa, jinsi walivyoacha nchi yao wakawa kama mama kwa watoto wasio wao. Lakini katika kitabu hicho hicho asimulia pia ya kuwa mtoto wa Mathari aliyesikiwa akisema lugha ya kwao alivikwa kifungo cha aibu, na aliyebaki nacho jioni alipewa adhabu, kama kufyeka majani au kufagia. Asema watoto walijifunza hivyo kuzidharau lugha zao na watu wazisemao. Yote mawili yalikuwa katika shule moja, chini ya paa moja. Mpimaji wa kweli huyaandika yote mawili. Akiandika shukrani peke yake ni mwongo, na akiandika kifungo peke yake ni mwongo vilevile.

Labda msomaji atauliza, yule sista wa orodha, ilikuwaje mwisho wake? Muhula uliofuata tulirudi. Orodha haisomwi tena. Mzazi mwenye deni huitwa ofisini au hupelekewa ujumbe wa simu, na mambo ya fedha hubaki kati ya watu wazima. Kipindi cha mafundisho kimerudi mahali pake, na padre huja kila juma la pili. Lakini deni halikuisha kwa sababu sisi tuliandika taarifa. Sista alituambia ya kuwa tangu orodha iachwe, malipo yamechelewa zaidi, na wasichana wawili wamerudishwa nyumbani. Hatukujua la kumjibu, na hata sasa hatujui kama tulimsaidia au tulimwongezea mzigo.

Hapo ndipo neno hili linapotugeukia sisi wazazi. Sheria ya Kanisa iliyompa Askofu haki ya kukagua ndiyo iliyowaambia wazazi washirikiane na walimu. Mzazi asiyejibu barua tatu alikuwa naye anasoma orodha ile, ingawa yuko mbali. Tusiseme "baada ya mavuno" na mavuno yakipita tukanunua redio. Na mtu asiyekuwa na kitu kweli, asijifiche. Na aende mwenyewe kwa mwalimu mkuu, mtu mzima kwa mtu mzima, aseme, "Sina, lakini naweza kuleta mahindi, naweza kuleta kuni." Shule nyingi hupokea. Mtoto asitumwe kubeba neno ambalo baba yake ameshindwa kulisema.

Basi, baba mpenzi, jibu letu kwa barua yako ni hili. Binti akija likizo, usianze kwa kumwuliza amepata alama ngapi za dini. Mketishe karibu na moto, umpe chai, umwulize: Mpishi wenu aitwa nani? Ni nani huketi peke yake bwaloni, na kwa nini? Katika kipindi cha mafundisho mlizungumza nini juma lililopita? Ukiugua usiku, ni nani huja? Sikiliza, wala usimkatize. Majibu hayo manne yatakupa kujua zaidi kuliko karatasi zetu.

Tena mtazame afanyavyo nyumbani pasipo kengele. Asiposali, usiilaumu shule upesi. Jiulize kwanza kama amewakuta ninyi mkisali. Shule haiwezi kuotesha katika miezi mitatu kile ambacho nyumbani hukauka katika mwezi mmoja.

Na yule msichana mrefu? Tulimwona siku ya kurudi kwetu. Alikuwa kikanisani, benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu ambaye bado hajaamua. Hatukumwuliza neno. Tulipopita alituitikia kwa kichwa, nasi tukamwitikia.

Mwombeeni huyo, wasomaji, na masista wanaolea binti zetu kwa fedha chache, na wale wote wanaotumwa kupima kazi za wenzao, ili wasilale usingizi upesi kama tulivyolala sisi.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akitujalia.